Simu za "gari limevuka?" na jinsi nilivyopunguza presha ya kazi

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Uganda. Natoa mizigo inayopanda kutoka Mombasa. Foleni ya malori niliizoea zamani. Kilichokuwa kinanimaliza ni simu. Mwenye mzigo anapiga kutoka Kampala, dereva anapiga, bosi anapiga, wote swali moja: "Gari limevuka?" Nakatizwa katikati ya fomu, nakosea tarakimu moja, na kosa hilo linazaa simu nyingine kumi.

Anza na daftari. Kwa siku tano andika kila kilichokupandisha presha: saa ngapi, nani, alitaka nini. Langu lilinionyesha watu walewale wakitafuta habari ambayo ningeweza kuwapa mapema. Sasa natuma ujumbe saa tatu asubuhi, saa saba na saa kumi na moja: namba ya gari, lilipofika, kinachosubiriwa. Tuma hata kama hakuna jipya. Ukinyamaza, mtu aliyeweka mtaji wake wote kwenye kontena anawaza mabaya, na ana haki.

Kwa bosi nenda na daftari hilo. Nilimwambia, "Mzee, tazama hizi saa. Nikiachwa bila simu kuanzia saa moja hadi saa tatu, fomu zitatoka safi." Alinipa wiki moja ya kujaribu. Tunaendelea hivyo mpaka leo.

Mchana ondoka mezani, ule chapati na maharage yako bila simu mkononi. Chai ya mwisho iwe kabla ya saa kumi, maana kafeini hukaa mwilini saa nyingi. Moyo ukianza kwenda mbio, vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, mara kadhaa.

Likizo chukua, tafadhali. Mimi nilipitisha miaka mitatu bila likizo nikidhani huo ndio uchapakazi, hadi nikawa nawafokea watoto kwa kosa la kuniita baba. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inaweka saa 48 za kawaida kwa wiki, saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, na siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4 ya utumishi.

Usingizi ukikupotea wiki mbili, nenda kituo cha afya. Usiseme tu kichwa kinauma. Mwambie daktari hulali, na umweleze kazi unayofanya.