Farasi Wako Akifa Ukiwa Uingereza: Kumchoma, Majivu na Yanayofuata

Farasi mzima ana uzito wa kilo 500 hivi. Hawezi kubebwa na jamaa wanne, wala hawezi kusubiri hadi wikendi ipite. Sheria ya Uingereza inataka mwili wake uondolewe bila kuchelewa, na aliyesajiliwa kwa kazi hiyo ndiye tu anayeruhusiwa kuuchukua. Kwa hiyo kama umekodi zizi huko Kent au Yorkshire, au umemnunulia binti yako poni na sasa poni mwenyewe ana miaka 28 na anachechemea, mipango ifanye sasa hivi angali anakula majani. Ninayoyaeleza hapa ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni hili: namna farasi atakavyokufa ndiyo inayoamua mwili utakwenda wapi. Daktari wa mifugo akimlaza kwa sindano, yaani akimuua bila kumtesa, dawa ile hubaki kwenye nyama. Mbwa, mbweha au kunguru akiila anaweza kufa. Ndiyo maana wenye mbwa wa uwindaji, ambao huchukua farasi kwa bei nafuu ili walishe mbwa wao, hukataa aliyechomwa sindano na kumpokea aliyepigwa risasi tu. Wenye tanuri la kuchomea hupokea wote wawili. Risasi inatisha masikioni mwetu, lakini ikipigwa na mjuzi farasi huanguka papo hapo. Sindano ni tulivu zaidi kwa mwenye mnyama kusimama karibu na kutazama. Mimi sioni aibu katika njia yoyote kati ya hizo. Aibu ni kumwacha mnyama ateseke siku nzima kwa sababu watu wazima wanabishana kwenye simu.

Kuzika je? Farasi aliyefugwa kama kipenzi anaweza kuzikwa England ikiwa halmashauri ya eneo imekubali, mwenye ardhi ameridhia, na kaburi liko mbali na visima, vijito na mifereji. Sisi wengi tumepanga tu, ardhi si yetu, na mwenye shamba hataki shimo la tingatinga kwenye malisho yake. Kuwasha moto uwanjani ni kosa kisheria. Mwisho wa yote hubaki tanuri, au mchukuzi wa mizoga wa kawaida ambaye ni nafuu zaidi lakini hakurudishii kitu.

Najua kuchoma mwili kunawapa wengine shida. Tumekua tukijua ni mambo ya Wahindu, pale Kariokor Nairobi, na si yetu. Kama moyo wako una wasiwasi, kaa na sheikh au mchungaji wako mapema mlizungumze kwa utulivu. Usimpigie saa nane usiku mnyama akiwa amelala chini anagaagaa.

Unapopiga simu kwa wenye tanuri, uliza bila haya. Swali la kwanza: atachomwa peke yake au pamoja na wengine? Wakichomwa pamoja bei hushuka sana, lakini majivu hupati. Akichomwa peke yake, bei inaweza kufika pauni elfu moja au kuzidi, kutegemea ukubwa wake na umbali. Uliza kama bei hiyo ina kodi ya VAT ya asilimia 20 ndani yake, gharama ya gari la kumchukua, nyongeza ya usiku na siku za sikukuu, na sanduku la majivu. Uliza kama utarudishiwa majivu yote au sehemu tu, maana si kila mahali wanakupa yote, na ya farasi ni mzigo wa kujaza sanduku kubwa. Uliza pia, hata kama inauma, kama mwili utaingia tanurini mzima. Baadhi ya matanuri ni madogo na mwili hukatwa. Heri ulisikie wewe mapema kuliko mtoto kulisoma mahali baadaye. Kuna chama kiitwacho Association of Private Pet Cemeteries and Crematoria ambacho wanachama wake wana masharti ya kufuata kuhusu mnyama kuchomwa peke yake, kwa hiyo uliza kama wao ni wanachama.

Na pesa zenyewe? Ndugu nyumbani akisikia umelipa pauni elfu kumchoma farasi huku ada ya shule ya mpwa wako haijakamilika, utasikia maneno. Mtu wa Lamu aliyelala na kuamka na punda ataelewa upesi. Wa Eastleigh ya Nairobi usimtegemee. Ushauri wangu ni kuweka akiba ndogo kila mwezi kwa ajili ya siku hiyo, usikope. Ukiona pesa haitoshi, kuchomwa pamoja na wengine si kumdharau mnyama.

Bima ina mtego wake. Ukitaka kudai fidia ya kifo, kampuni nyingi hutaka ziarifiwe kabla farasi hajalazwa, isipokuwa pale daktari anapoona maumivu hayavumiliki, hayana tiba, na hakuna muda wa kungoja. Muombe daktari aandike hivyo. Kampuni inaweza pia kudai mwili upasuliwe kuchunguzwa, na majivu hayapasuliwi. Piga simu ya bima kwanza, ya tanuri baadaye.

Sasa suala letu hasa: Desemba. Uko Moshi kwa Krismasi, simu haishiki mtandao kijijini, na farasi ameshikwa na tumbo huko Surrey. Daktari hawezi kumlaza kwa kubahatisha. Kabla hujapanda ndege, andika karatasi moja yenye sahihi yako na umpe mwenye banda na daktari: nani ana ruhusa ya kuamua badala yako, apasuliwe au asipasuliwe tumbo ikifikia hapo, kiwango cha juu cha pesa ya matibabu, namba ya bima, na kampuni gani ije kumchukua. Mwenye kuamua awe mtu aliyeko Uingereza, anayemjua farasi, na asiyeogopa kuamka usiku. Mumeo au mkeo mliyesafiri naye hafai kwa kazi hii.

Siku ikiwa imepangwa, mlaze karibu na geti kwenye ardhi ngumu, ambapo lori linaweza kufika. Gari huja na winchi na humvuta kwa mnyororo. Muage, kisha ondoka kabla winchi haijaanza kufanya kazi. Hilo si la mtoto kuona, na watu wazima wengi hujuta kuliona. Kabla ya hapo kata singa za mkia na za shingo yake ukitaka kumbukumbu, na mwambie fundi wa kwato au daktari akuvulie viatu vya chuma ukivitaka. Gari likichelewa, funika mwili kwa turubai na ufunge mbwa wote.

Pasi ya farasi, yaani kitabu chake cha utambulisho, irudishwe kwenye ofisi iliyoitoa ndani ya siku 30 baada ya kifo. Unaweza kuwaomba wakurudishie ikiwa imeshapigwa muhuri wa kufutwa. Watoto hupenda kuitunza. Simamisha malipo ya bima, na soma mkataba wa banda, kwani mingi inadai notisi ya mwezi mzima hata kama banda liko tupu. Singa na kwato ni mazao ya mnyama, kwa hiyo kabla ya kuzitia kwenye begi la kurudi nyumbani uliza kwanza idara ya mifugo ya nchi unayokwenda.

Kazini hakuna likizo ya msiba wa mnyama kisheria, lakini mweleze bosi ukweli. Waingereza kwa hili huwa wepesi kuelewa kuliko unavyodhani. Shirika la Blue Cross lina huduma ya bure ya kuzungumza na waliofiwa na wanyama wao, na British Horse Society wana mpango wao uitwao Friends at the End, ambapo mtu aliyefundishwa huweza hata kusimama nawe siku yenyewe kama huna ndugu karibu.

Kama alikuwa na mwenzake malishoni, muache amkaribie na kumnusa kabla gari halijafika. Asipomuona anaweza kuzunguka uzio akimwita kwa siku kadhaa. Farasi huyo hafai kubaki peke yake. Muulize mwenye banda amhamishie kwenye kundi, au tafuta poni wa kuazima wa kukaa naye, hata kama wewe mwenyewe huna hamu ya kuona mnyama mwingine kwa sasa.