Kutoka Seoul hadi Hollywood na London: mambo ya kupanga kwa mpiga picha wa filamu anayetaka kuvuka

Chung Chung-hoon, mpiga picha wa filamu kutoka Korea, ndiye aliyeshika kazi ya kamera kwenye Oldboy (2003), na yale mapigano ya koridoni yakasambaza jina lake: shoti moja isiyokatwa, kamera ikisogea ubavuni mwa waigizaji, siku tatu za kazi na marudio 17 hadi kupatikana. Miaka kumi baadaye akatoka na Stoker huko Marekani. Zikafuata It (2017), Last Night in Soho (2021), mfululizo wa Obi-Wan Kenobi (2022), Wonka (2023) na Heretic (2024). Picha nzuri humfanya mtu aitwe kwenye kikao cha kwanza. Kuitwa tena kunategemea kama anajua kazi yake inaanzia wapi na kuishia wapi katika nchi aliyofika, kwa sababu mgawanyo wa kazi wa Seoul si wa Los Angeles, na wa Los Angeles si wa London. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya Wakorea, na sehemu kubwa inamfaa yeyote anayetoka nje ya mfumo wa Hollywood.

Filamu ya kwanza, na ile ya pili ambayo ni ngumu zaidi

Wakorea wengi waliovuka walivuka na mwongozaji wa nyumbani. Chung alikwenda na Park Chan-wook, mwongozaji wa Oldboy na Stoker. Hong Kyung-pyo alikwenda Prague na Bong Joon-ho kupiga Snowpiercer (2013) kwenye studio za Barrandov. Kim Ji-yong aliingia Marekani na Kim Jee-woon kwenye The Last Stand (2013). Kwa hiyo usianze kwa kutuma barua pepe kwa mawakala wa Hollywood. Anza kwa kuwa mpiga picha ambaye mwongozaji wako hawezi kusaini mkataba wa nje bila kumtaja.

Wengi hukwama baada ya hapo. Mwongozaji anarudi nyumbani, simu inanyamaza. Chung alipata hatua ya pili kwenye Me and Earl and the Dying Girl (2015), filamu ndogo ya Alfonso Gomez-Rejon, Mmarekani, iliyoondoka kwenye tamasha la filamu la Sundance na tuzo kuu ya majaji na ile ya watazamaji. Usiibeze kazi ya namna hiyo kwa sababu malipo ni kidogo. Studio kubwa ikikufikiria, mtayarishaji atampigia mwongozaji aliyefanya kazi nawe kwa Kiingereza, na swali lake litakuwa moja: alimaliza siku kwa ratiba?

Video ya kazi zako isizidi dakika mbili au tatu, na iambatane na maonyesho mawili kamili yasiyokatwakatwa, moja likiwa la watu wawili wakizungumza chumbani. Machweo ya kupendeza kila mtu anayo. Mtayarishaji anataka kuona kama nuru ya uso inabaki ileile kutoka shoti pana hadi ya karibu.

Karatasi

Kwa Marekani njia ya kawaida ni viza ya O-1B, ya kazi kwa wenye mafanikio makubwa katika sanaa na filamu. Huwezi kujiombea: mwajiri au wakala aliye Marekani ndiye anayewasilisha fomu ya maombi, I-129. Usipokuwa na tuzo kubwa ya kiwango cha Oscar, au uteuzi wake, unatakiwa uthibitishe angalau vigezo vitatu kati ya sita vilivyowekwa. Kwa watu wa filamu na televisheni zinahitajika barua mbili za ushauri, moja ya chama cha wafanyakazi wa fani yako na nyingine ya upande wa waajiri. Barua ya chama haikufanyi mwanachama. Uanachama ni safari nyingine. Ombi halipokelewi zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kazi kuanza, na kibali cha kwanza hakizidi miaka mitatu.

Kinachoharibu maombi mara nyingi ni jina. Chung Chung-hoon, Chung-hoon Chung na Jeong Jeong-hun ni mtu mmoja, lakini ofisa anayesoma mafaili anaweza kuona watu watatu. Chagua tahajia ya pasipoti, itumie kwenye kila mkataba na kila orodha ya majina ya mwisho wa filamu, na mapema omba kurekebishwa kwa zile za zamani. Makala za magazeti ya Kikorea zitafsiriwe zote kwa Kiingereza, pamoja na tamko la mtafsiri lenye sahihi yake. Makala inayoisifu filamu bila kumtaja mpiga picha haikusaidii kitu.

Taa: hapa ndipo kazi inapobadilika hasa

Korea kwa desturi ina mkuu wa taa anayesimama karibu sawa na mpiga picha. Ana kikosi chake, mara nyingi na vifaa vyake, na sura ya nuru huamuliwa na wawili. Marekani fundi mkuu wa taa yuko chini ya mpiga picha, na anasubiri maelekezo. Mkorea aliyezoea kusema "usiku, baridi kidogo, nuru itoke dirishani" na kuondoka, atarudi akute taa hazijapangwa. Si uvivu wa mtu. Alitarajiwa kusema ni taa gani, urefu gani, kitambaa gani mbele yake, na stopu ngapi chini ya uso (kila stopu hupunguza nuru kwa nusu).

Halafu kuna nani agusaye nini. Marekani na Vancouver, taa na nyaya ni za mafundi umeme. Fremu za vitambaa na vizuizi vya nuru vilivyosimama penyewe, pamoja na reli za kamera, ni za kikosi cha gripu, mafundi wa vishikizo na mitambo ya seti. Uingereza gripu hushughulikia kamera tu, na mafundi umeme ndio hukata na kulainisha nuru. Ukimpa agizo la kitambaa gripu wa London, atakutazama kwa adabu na hakuna kitakachotokea.

Mchoro wa taa wa kila seti umfikie fundi mkuu wiki kadhaa kabla: ramani ya chumba ikitazamwa kutoka juu, aina na wati za kila taa, mahali pa umeme, na siku za kufunga taa kabla ya waigizaji kuingia. Piga hesabu ya umeme upya. Taa ya wati 2,000 inakula ampia 9 hivi kwenye volti 220 za Seoul. Kwenye volti 120 za Marekani inakula karibu 17, na saketi ya ukutani ya ampia 15 itakatika. Balbu za tungsteni nazo ziwe za volti ya huko. Ya volti 220 ikiwashwa kwa 120 hutoa mwanga hafifu wa rangi ya machungwa.

Vipimo pia: Seoul wanasema luksi, Wamarekani wanasema futikendo, ambayo moja ni luksi 10.76. Lenzi zina alama za mita au futi, na mwenye haki ya kuchagua ni mvuta fokasi, msaidizi anayeweka picha iwe kali, kwa hiyo muulize kabla hujaagiza.

Herzi 50 na shata ya 172.8

Korea na Marekani zote zinatumia umeme wa herzi 60, ndiyo maana kosa hili halionekani mpaka mtu afike Uingereza au Prague. Taa zinazofuata mkondo wa ukutani, kama mirija ya floresenti ya zamani, hupepesa mara mbili ya herzi: 120 kwa sekunde Seoul, 100 London. Kwa fremu 24 kwa sekunde, 120 inagawanyika sawasawa, mipigo mitano kwa kila fremu. Mia moja haigawanyiki, na kwa shata ya digrii 180 (shata ni kifunguo kinachoamua kila fremu ipate nuru kwa muda gani) picha hupumua, ikiangaza na kufifia.

Dawa yake: weka shata digrii 172.8. Hapo kila fremu hupata nuru kwa 1/50 ya sekunde, yaani mipigo miwili kamili. Tofauti ya nuru na 180 ni ndogo mno kuonekana. Kenya na Tanzania nazo ni herzi 50, kwa hiyo namba hiyo inafaa huku pia. Japani ni mtego wa kipekee: Tokyo 50, Osaka 60, hivyo uliza kwa kila mji. Usiamini skrini ndogo ya kamera. Rekodi sekunde 20 za ukuta mweupe chini ya taa za seti, cheza kwenye skrini kubwa, utaona.

Konti, na shoti ambazo hukuziomba

Waongozaji wa Korea wengi huja na konti, michoro ya kila shoti, na seti huwa na mhariri anayeunganisha shoti papo hapo. Wakishaona onyesho limeungana, wanahama. Studio ya Marekani hutaka zaidi: onyesho zima kutoka pembe kadhaa, mara nyingi kamera mbili kwa pamoja, ili uamuzi ufanywe baadaye chumba cha uhariri. Ukipanga nuru ya pembe moja tu, kamera ya pili itakuaibisha. Panga taa juu na nje ya madirisha, sakafu ibaki wazi.

Jiandae pia kuachia kamera. Korea mpiga picha mara nyingi huiendesha mwenyewe. Marekani na Uingereza kuna mwendesha kamera, naye huzungumza na mwongozaji moja kwa moja. Kwenye dansi ya Last Night in Soho, waigizaji wawili wa kike hupokezana nafasi mbele ya kamera inayowazunguka, wakijificha nje ya fremu kwa zamu. Shoti kama hiyo iko miguuni mwa mwendesha kamera, na kazi ya mpiga picha ni kuhakikisha hakuna taa inayotupa kivuli cha anayekimbia.

Mkalimani awe mtu wa seti. Aliyesomea lugha tu atatafsiri maneno na kupitwa na sekunde. Amri za redio jifunze mwenyewe, kwa Kiingereza, kabla ya ndege.

Kabla ya kusaini

Kazi ya rangi, yaani kusawazisha rangi na nuru ya filamu nzima, hufanyika miezi kadhaa baada ya kupiga, wakati wewe umesharudi Seoul au uko kwenye seti nyingine. Mkataba usipotaja siku zako za chumba cha rangi, malipo yake, tiketi na malazi, utaombwa maoni kwa laptopu, na laptopu haionyeshi weusi kama ulivyo. Taja idadi ya siku. Taja pia kwamba, ukishindwa kusafiri, utatazama kwenye skrini iliyopimwa ya chumba cha rangi katika mji uliko, kwa gharama ya mtayarishaji. Kwenye seti hifadhi LUT, faili la mpangilio wa rangi, ya kila onyesho pamoja na picha moja ya marejeo, na nakala zake mtumie mtaalamu wa rangi mwenyewe, zisipitie kwa mhariri.