Baridi ya Julai na moto kwenye bruda ya vifaranga

Baridi ikishaingia Nairobi, kuanzia Juni hadi Agosti, kila mtu mwenye vifaranga anatafuta joto la bruda, ile sehemu vifaranga wanapashwa joto, na hapo ndipo mabanda yanaungua, iwe ni Ruai ama Dagoretti, kwa sababu banda lenyewe ni mbao, chini kuna maranda makavu, pembeni umeziba upepo na magunia na katoni, halafu katikati ya hivyo vyote unaweka jiko la makaa liwake usiku kucha.

Joto lenyewe huwezi kulikwepa. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka kama digrii 32 hadi 35, kisha unapunguza karibu digrii 3 kila wiki. Shida ni watu kuongeza makaa kwa kukisia. Waangalie vifaranga: wakirundikana karibu na jiko wanasikia baridi, wakikimbilia ukutani midomo wazi umezidisha, toa makaa mengine.

Sasa jiko. Usiliweke juu ya maranda hata kama lina miguu, fagia mpaka sakafu ionekane, panga matofali, jiko likae hapo, halafu zungushia kipande kifupi cha bati umbali wa hatua moja hivi. Hapa ndio watu wanazembea: siku ya kwanza pako safi kabisa, lakini vifaranga wanachakura mchana kutwa na wakifika wiki ya pili wanaanza kupiga mabawa, maranda yanaruka bati kidogo kidogo mpaka yanafika kwa jiko. Fagia kila jioni kabla hujalala, tafadhali, isiwe kazi ya asubuhi.

Makaa washia nje, yashike vizuri ndio uingize, na uache upenyo juu ya ukuta. Wenye wanaziba kila tundu na nailoni wananitia hofu sana, juu hata moshi ukiisha makaa bado yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua kifaranga na inaua mtu. Usilale humo kuchunga, na bruda isiwe chumba kimoja na watoto.

Majivu nayo usimwage kwa rundo la mbolea, kaa linaweza kuishi ndani ya jivu hata kesho yake. Weka kwa debe la bati, mwagia maji.

Wenye wanatumia stima: ile balbu nyekundu ya wati 250 ning'iniza kwa mnyororo, kama sentimita 45 juu ya maranda, si kwa waya wake. Stima ikipotea tumia tochi, mshumaa kwa banda hapana. Na ikitokea moto wa stima zima meinswichi kwanza kabla ya kugusa maji.

Weka ndoo ya mchanga na mtungi wa maji nje ya mlango. Vichochoro vyetu vingi gari la zimamoto haliingii, so piga 999 ama 112 mapema na utume mtu asimame kwa barabara kubwa awaonyeshe njia.

Wenye ng'ombe pia msikie: nyasi ya boma rhodes ikifungwa marobota kabla haijakauka vizuri inajipasha joto ndani na inaweza kuwaka yenyewe wiki kadhaa baadaye. Chomeka chuma kirefu katikati ya marobota, kiache kidogo, ukikitoa na hakishikiki mkononi usianze kupangua peke yako, hewa ikiingia ndani moto unaweza kuruka hapo hapo. Ita zimamoto kwanza.