SOMO: Bastola ndani ya mkoba, hatari zake na namna ya kuzipunguza

Somo hili nawalenga Waswahili wenzangu mlioko Marekani, hasa akina mama mnaotembea na bastola kwenye mkoba wa begani. Hapa Texas, tangu 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi asiyezuiwa na sheria anaweza kubeba bastola bila kibali. Matokeo yake wengi wananunua leo na kesho wanaitumbukiza kwenye mkoba bila kufundishwa na mtu yeyote.

Tuanze na tukio la kweli. Tarehe 30 Desemba 2014, katika mji wa Hayden, Idaho, mama wa miaka 29 alikuwa dukani na mwanawe wa miaka 2 pamoja na watoto wa ndugu. Alikuwa na kibali. Mkoba wake ulitengenezwa maalumu kwa kazi hiyo, una mfuko wa zipu wa kuwekea bastola, na alikuwa amezawadiwa Krismasi. Mtoto alikuwa kwenye toroli, mkoba uko karibu naye. Akafungua zipu, akaishika, ikalia mara moja. Mama alifariki palepale. Naomba mlitazame vizuri tukio hili: kibali kilikuwepo na mkoba wa maalumu ulikuwepo. Kilichokosekana ni mkoba kubaki mwilini mwake.

Hatua ya 1: Jiulize kama ni lazima iwe kwenye mkoba. Jibu langu ni hapana, kwa watu walio wengi. Bastola iliyo kiunoni ndani ya ala nzuri haisahauliki kwenye kiti wala haifikiwi na mtoto bila wewe kuhisi. Kama mavazi yako hayaruhusu mkanda, zipo ala za kufunga tumboni chini ya gauni. Zijaribu kwanza.

Hatua ya 2: Hakikisha una haki ya kuimiliki. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha chini ya sheria ya shirikisho, isipokuwa kwa misamaha michache. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini. Muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaenda dukani.

Hatua ya 3: Ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Bastola nyingi za siku hizi, Glock kwa mfano, hazina sefti (kizuizi cha kuzuia bastola isilie) ya kubonyeza kwa kidole gumba. Sefti zake hujifungua pale kifyatulio kinapovutwa. Basi funguo, kalamu au kamba ya mfuko ikiingia pale na kuvuta, bastola haijui kama ni kidole au ni rangi ya mdomo. Ala ya kitambaa laini haitoshi, kwa sababu inabonyea.

Hatua ya 4: Mfuko wa peke yake, usiingie kitu kingine. Hata pipi ya mtoto isikae humo, maana ndiyo itakayompeleka. Kisha angalia mtutu unaelekea wapi. Ukiwa umevaa mkoba begani, mara nyingi unamwelekea aliye nyuma yako kwenye foleni. Ukiuweka kaunta, unamwelekea keshia.

Hatua ya 5: Mkoba usitoke mwilini. Hapa ndipo tunapoangukia. Tunajuana: kwenye sherehe na misiba yetu, mikoba ya wageni hurundikwa kitandani chumba cha ndani, na chumba hichohicho ndicho watoto wanachochezea. Dada mwenye nyumba anakupokea mkoba kwa heshima, na hajui kilichomo. Ukiwa na bastola, usiutoe. Vaa mkanda ukatize kifuani, kaa nao, nenda nao msalani. Kama unajua utatakiwa kuuweka chini, bastola ibaki nyumbani siku hiyo.

Hatua ya 6: Ukifika nyumbani, kwanza bastola iingie kwenye sefu. Kabla ya viatu, kabla ya jiko. Sheria ya Texas inamshtaki mtu anayeacha silaha yenye risasi mahali anapopaswa kujua kwamba mtoto wa chini ya miaka 17 ataipata, na mtoto akaipata kweli.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Houston: Mwalimu, nikiiacha bila risasi kwenye chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kulia, si inatosha?

Inapunguza hatari, dada yangu, haiondoi. Mtoto wa miaka tisa au kumi anaweza kuikoki, risasi ikaingia kwenye chemba. Tena siku ya dharura utahitaji mikono miwili, wakati mmoja umeshika mkoba.

Kaka wa Atlanta: Nilisafiri na begi ambalo huwa nawekea bastola. Bahati nzuri haikuwemo. Ingekuwemo?

Ungekuwa na wenzako wengi. Mwaka 2023 TSA, wakala wa ukaguzi wa usalama kwenye viwanja vya ndege vya Marekani, ilikamata silaha 6,737 kwenye ukaguzi wa abiria, na karibu asilimia 93 zilikuwa na risasi. Faini inaweza kupita dola 14,000. Na hapohapo Atlanta, Novemba 2021, abiria aliingiza mkono kwenye begi lililokuwa likipekuliwa, bastola ikalia, watu wakatawanyika kwa hofu. Kaka, tenga begi la safari ambalo halijawahi kuwekwa silaha hata siku moja.

Mama wa watoto watatu, Dallas: Kibaka akiuvuta mkoba?

Mwachie, mama. Ukimbilie uhai wako, kisha piga 911 na useme wazi kwamba ndani mna silaha. Namba ya bastola iandike na uiweke nyumbani, isikae kwenye mkoba huohuo.

Mwanachama wa Nairobi: Mimi nina leseni ya Kenya. Somo hili linanihusu?

Hatari ni zilezile, sheria ni tofauti kabisa. Huko hakuna kubeba bila leseni, na wajibu wa kuitunza silaha ni wako tangu siku unayoipokea. Masharti ya leseni yako yaulize kwa Bodi ya Leseni za Silaha, usichukue ya Texas.

Dada wa Houston tena: Basi mume wangu anaiweka kwenye begi la mgongoni la laptop, na jioni analibwaga sebuleni.

Mwambie leo, kabla hajalala. Watoto wana mazoea ya kufungua begi hilo kutafuta chaja.