Karatasi za Meli Zimefika: Shangilia, Halafu Kaa Usome

Kazi yangu ni kukata tiketi, hapa Mombasa, na hakuna siku tamu kama ile mteja anapokuja kuchukua karatasi zake za safari ya meli ya kifahari. Kampuni nyingi siku hizi hutuma kila kitu kwa simu, lakini baadhi bado hutuma kisanduku: mkoba wa ngozi, lebo za mizigo, ratiba iliyochapwa kwenye karatasi nzito. Watu wazima na mvi zao huzichezea zile lebo kama watoto waliopewa nguo za Idi. Huwaacha wamalize. Kisha nawaambia: haya, tukae tusome.

Anza na jina. Weka pasipoti kando ya tiketi, ulinganishe herufi kwa herufi. Majina yetu yana vituko: huku Mohamed, kule Muhammad, huku jina la babu lipo, kule halipo. Usiseme "watajua tu ni mimi". Leo hilo ni jambo la simu moja, gatini ni kizaazaa. Papo hapo tazama pasipoti inaisha lini. Kampuni nyingi za meli hutaka iwe na uhai wa miezi sita baada ya safari.

Sasa viza, na hapa tafadhali usiwe na haraka. Chukua safari ya bahari ya Adriatiki: Italia, Dubrovnik, Kotor, Corfu, mwisho Piraeus. Kroatia iliingia Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Januari 2023, kwa hiyo Dubrovnik haina neno. Lakini Kotor iko Montenegro, nje ya Schengen. Ukienda huko umetoka. Ukifika Corfu, kisiwa cha Ugiriki, unaingia Schengen upya. Kwa sisi wa pasipoti ya Kenya, kibandiko cha viza lazima kiandikwe MULT, yaani mara nyingi, penye idadi ya kuingia. Ukikuta 01, yaani mara moja tu, usijipe moyo, nipigie mimi au wakala wako siku hiyo hiyo. Na masharti ya Montenegro yenyewe uyaulizie pia.

Jina la mji kwenye tangazo nalo lisikuhadae. Tangu Agosti 2021 meli kubwa zimekatazwa kupita mfereji wa Giudecca, pale mbele ya Venice, na safari nyingi zinazouzwa kwa jina la Venice huanzia Ravenna au Trieste. "Roma" ya watu wa meli ni Civitavecchia, kilomita sabini na kitu kutoka mjini. Kwa hiyo tafuta kwenye karatasi jina la gati na saa ya kuripoti, ndipo ukate ndege. Tena ufike siku moja kabla. Meli haimngoji mtu aliyekwama Addis Ababa.

Zile lebo ndizo kila mtu anataka kuzifunga siku ile ile. Subiri. Uwanja wa ndege utazichanachana. Zifunge hotelini, asubuhi ya kwenda bandarini. Huwa na namba ya chumba na sitaha, na wapagazi wakishachukua sanduku gatini, utalikuta mlangoni pa chumba chako, pengine jioni. Basi dawa, miwani, pasipoti na nguo ya kubadili vikae mkoba wa mkononi. Mteja wangu mmoja, bibi wa Mji wa Kale, hutia na kanga zake za kuswalia humo humo. Ana akili: Alasiri haingoji sanduku.

Toa nakala ya pasipoti pia, kwa sababu meli nyingine huzikusanya zote mapokezi na kukaa nazo hadi mwisho.

Picha? Piga, kwa nini usipige. Piga mkoba, piga lebo upande usioandikwa. Ukurasa wenye namba ya tiketi usiutie kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Namba hiyo na jina lako vinaweza kumtosha mtu kufungua safari yako na kuichezea.

Ukimaliza, fungua ukurasa wa mavazi. Kwa usiku rasmi, suti moja nzuri inatosha kwa baba, na gauni la harusi ya mwanao kwa mama. Kama unashonesha, mpelekee fundi kitambaa leo, maana "njoo kesho" yake unaijua.