SOMO: Jua kama atrazini imeisha shambani kabla hujapanda maharage

Wadau, wengi mnapiga atrazini (dawa ya kuua magugu) kwenye mahindi halafu msimu unaofuata mnapanda maharage hapohapo, yakiungua mnalaumu mbegu. Maabara ni gharama, tuanze na kipimo cha makopo.

1. Chota udongo sehemu kama 15 hivi huku unatembea zigizaga, kina kisizidi sentimita 15, changanya kwenye ndoo safi. Pale ulipokuwa unageukia na bomba chukua kivyake, mara nyingi dozi ilizidi.

2. Chota na wa pembeni, aina ileile, ambao haujapigwa dawa. Bila huo hujapima kitu, majani yakiwa njano utajuaje ni dawa au ni njaa ya naitrojeni?

3. Jaza makopo yaliyotobolewa chini, manne manne, panda maharage, mwagilia, weka JUANI. Atrazini inaharibu jani pale linapotumia mwanga, sasa ukiyaficha kivulini itakudanganya.

4. Subiri wiki 3. Watu wanaona yameota wanashangilia, kumbe atrazini haizuii mbegu kuota, inapanda na maji kupitia mizizi, ikijaa kwenye majani ndo unaona ya chini yanaanza njano kingoni halafu yanakauka.

Ukitaka namba nenda maabara na sampuli za siku ya kupiga, siku ya 7, 30, 60 na 90. Zigandishe, maana kwenye mfuko wa joto vijidudu vinaendelea kuila dawa tu. Kwa makadirio ya kawaida atrazini udongoni inapungua nusu kwa siku 60 hivi, kwahiyo siku ya 120 bado robo ipo, na kiangazi kikikaza inachelewa zaidi.

MASWALI

Mkuu mbona mahindi yenyewe hayaungui?
– Yana vimeng'enya vinavyoikamata na kuivunja makali mapema. Maharage hayawezi hivyo.

Inafaa na kwa glaifoseti, ile dawa nyingine ya magugu?
– Hapana. Ile inang'ang'ania kwenye chembe za udongo, mizizi haiipati kirahisi, maharage yatapendeza na maabara bado wakaikuta. Ukienda waambie mapema unaitafuta, pamoja na AMPA inayobaki ikivunjika, vile vipimo vya dawa nyingi kwa pamoja huwa vinaziruka.

Kopo likitoka safi, mavuno ni salama kuuza nje?
– Kopo linakwambia tu kwamba maharage hayataungua na atrazini. Masalia kwenye punje ni maabara, mnunuzi wa Ulaya hatakubali umpelekee picha ya kopo.