Jinsi ya kukagua theluji ya Juni kabla ya kulala mlimani na watoto: mfano wa Mount Rainier

Shule za jimbo la Washington hufungwa katikati ya Juni. Seattle watu wanatembea na fulana, na wazazi wanaanza kufunga mashanta. Lakini Paradise, upande wa kusini wa Mount Rainier kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, hupata kwa wastani zaidi ya mita 15 za theluji kwa mwaka. Msimu wa 1971–72 zilianguka mita 28. Mzigo kama huo hauondoki kwa sababu tu likizo imefika, na utabiri wa hewa wa wikendi hausaidii hapa: unakueleza kitakachoanguka, haukuelezi kilichokwisha kulala chini.

Tuchukue safari moja: kutoka Longmire, kituo cha hifadhi chini ya mlima, kupanda hadi kambi ya Devils Dream na mbuga (uwanda wa nyasi) ya Indian Henry's Hunting Ground, usiku mmoja au miwili.

Hatua ya 1: Andika miinuko. Longmire ni mita 842. Kambi iko kwenye mita 1,500 na kitu, mbuga karibu 1,600. Kwa hiyo ukifika ukakuta maegesho makavu, hujajua lolote kuhusu mahali mtakapolala. Weka alama pia kwenye kila mteremko unaotazama kaskazini. Kwetu Afrika Mashariki jua la adhuhuri huwa karibu na utosi, hatuna mazoea ya kuliwaza jambo hili; huku jua hupita kusini, na upande wa kaskazini hubaki na theluji muda mrefu baada ya upande wa pili kukauka.

Hatua ya 2: Soma kituo cha SNOTEL. Hapa ndipo pa kukaa zaidi. Hivi ni vituo vya kupima theluji vya Idara ya Kilimo ya Marekani, na takwimu zake ziko wazi mtandaoni bila malipo. Chini ya theluji kuna mfuko mpana wenye kimiminika kisichoganda. Theluji inaukandamiza, na mtambo unapiga hesabu ya maji yaliyomo. Kituo cha Paradise kiko mita 1,560 hivi, karibu sawa na kambi yetu.

Utaona namba mbili: kina cha theluji na kiasi cha maji. Fuata ya maji. Kina kinaweza kushuka haraka kwa sababu theluji imejishindilia tu, nawe ukadhani inaisha. Tuseme Juni 10 grafu inaonyesha inchi 30 za maji. Juni yenye jua huyeyusha takriban inchi moja hadi moja na nusu kwa siku. Gawanya: siku 20 hadi 30. Yaani theluji itaisha kituoni kati ya mwisho wa Juni na Julai 10, na hapo ni mahali pasipo na kivuli. Msituni kwenye kivuli mimi huongeza wiki nzima. Aliyepanga kwenda Juni 22 ameshapata jibu lake.

Hatua ya 3: Tazama kwa setilaiti. Fungua Copernicus Browser, tovuti ya picha za setilaiti za Ulaya, chagua picha za setilaiti za Sentinel-2. Hupita kila baada ya siku chache, na kila nukta ni mita 10. Tafuta siku isiyo na mawingu. Jihadhari na kitu kimoja: miti ya misonobari huficha theluji iliyo chini yake. Weupe utauona mbugani, lakini kijani cha msituni si ushahidi kwamba njia ni kavu. Ukiona mbuga bado nyeupe, uhesabu msitu unaoizunguka kuwa na theluji pia.

Hatua ya 4: Joto la usiku na mito. Kwenye tovuti ya Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, bofya ramani pale pale kambini, usibofye mji wa karibu. Usiku usipoganda, asubuhi theluji huwa laini na mtoto huzama hadi mapajani. Ukiganda sana, saa moja asubuhi mteremko ni mgumu kama sakafu na viatu vyake havishiki. Vijito navyo hujaa alasiri, theluji ya juu inapoyeyuka, vivuke mapema. Msikanyage daraja la theluji lililo juu ya maji yanayosikika.

Hatua ya 5: Piga simu ofisi ya hifadhi, Longmire. Usiulize "hali ikoje?" Uliza: theluji isiyokatika inaanzia mwinuko gani? Gogo la kuvukia Kautz Creek lipo? Nani amepita wiki hii, na njia ilionekana? Askari wa hifadhi hujibu vizuri wakiulizwa hivyo.

Hatua ya 6: Amua kwa kipande kibaya kuliko vyote. Theluji ya tambarare si tatizo, watoto huipenda. Swali ni mteremko: mtoto akiteleza, ataishia wapi? Ikiwa chini kuna mawe, miti au mto, safari hiyo haifai mwezi huu, hata kama ni mita ishirini tu na zilizobaki zote ni kavu. Meno ya chuma ya kuvaa juu ya viatu hayabadilishi jibu hilo, kwa sababu mtoto hajui kujizuia akianza kuteleza.

Ndiyo maana naomba vibali vya kupiga kambi nikiwa na njia ya pili tayari. Bonde la Hoh, Olympic National Park, linafaa sana: kambi ya Five Mile Island iko maili tano kutoka mwanzo wa njia, na hata ukifika kituo cha Olympus, maili tisa, bado uko chini ya mita 300. Beba makoti ya mvua, kibali huombwa Recreation.gov, na mwambie aliyebaki nyumbani ni njia ipi mmechagua.